Je, simu janja yako inahitaji antivirusi kweli?

Uko kwenye simu unasoma habari zako, mara skrini inageuka nyekundu na simu inatetema. Yanatokea maandishi makubwa: simu yako imeshambuliwa na virusi, picha zako zitafutika ndani ya dakika mbili, bofya hapa kusafisha. Chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma.

Wengi hubofya. Lakini ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuikagua simu yako na kujua kama ina virusi. Hilo ni tangazo tu, limetengenezwa kumtia mtu kiwewe, na mara nyingi kile unachopakua baada ya kubofya ndicho cha kuogopa.

Swali linabaki palepale: simu janja inahitaji antivirusi au haihitaji?

Jibu fupi ni hili. Kama unapakua programu zako Play Store au App Store, na simu yako bado inapokea masasisho, antivirusi ya ziada haikuongezei kitu kikubwa. Kama una Android na una mazoea ya kusakinisha mafaili ya APK unayotumiwa WhatsApp au Telegram, jibu linabadilika kidogo. Na kwa watu wote hao, wizi wa pesa kwa njia ya simu uliozoeleka Afrika Mashariki unapita mlango ambao antivirusi haina uwezo wa kuuziba.

Jibu refu linataka maelezo.

Hofu ilianzia kwenye kompyuta

Waliowahi kwenda intaneti kafe miaka ya 2000 wanakumbuka. Unachomeka flashi, unachapisha barua yako ya maombi ya kazi, ukirudi nyumbani mafaili yote yamegeuka kuwa vitu visivyofunguka. Kompyuta za Windows za wakati ule ziliacha programu yoyote iguse faili lolote. Kirusi kikiingia kupitia flashi moja, kinajinakili chenyewe kwenye kila flashi inayofuata. Bila antivirusi ulikuwa umeliwa.

Simu nazo zilipata kirusi chao mapema. Mwaka 2004 kiligunduliwa kirusi kiitwacho Cabir, kilichosambaa kwa Bluetooth kwenye simu za mfumo wa Symbian, zile Nokia zilizokuwa zinatamba. Agosti 2005, wakati wa mashindano ya dunia ya riadha mjini Helsinki, Cabir ilisambaa uwanjani kutoka simu hadi simu kati ya watazamaji. Hata hivyo, kuna jambo moja la kushika: mwenye simu alipaswa kukubali kupokea faili, kisha akubali kulisakinisha. Kirusi kilibisha hodi, mtu akafungua.

Miaka 20 baadaye, ni hodi hiyohiyo inayopigwa.

Kitaalamu, "virusi" ni programu inayojisambaza yenyewe. Kwenye simu za sasa, vitu vya aina hiyo ni nadra sana. Kinachosumbua ni programu hasidi: inakuja na sura ya mchezo, tochi, kisoma PDF au kadi ya mwaliko, wewe mwenyewe unaisakinisha, halafu inaanza kazi nyingine kabisa nyuma ya pazia.

Nyumba ya kupanga

Ili kuelewa kwa nini antivirusi ya simu si sawa na ya kompyuta, fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake. Anayekaa chumba cha tatu hawezi kuingia cha tano kupekua kabati. Akitaka kitu cha pamoja, kwa mfano jiko au bomba la uani, anaomba ruhusa kwa mwenye nyumba.

Android na iPhone zimejengwa hivyo. Kila programu inapewa chumba chake. Programu ya benki haioni mafaili ya ndani ya WhatsApp, na mchezo wa kuendesha gari haufungui programu ya benki. Ikitaka kamera, kipaza sauti, meseji au orodha ya namba zako, inaomba ruhusa. Mwenye nyumba ni wewe. Ile meseji ya "Ruhusu" au "Kataa" inayokukera kila siku ndiyo hodi yenyewe.

Sasa, wengi hawajui kwamba antivirusi nayo ni mpangaji kama wengine. Ukiisakinisha, haipewi ufunguo wa nyumba nzima. Kwenye Android inaweza kuona programu zilizosakinishwa, kuzilinganisha na orodha ya programu hasidi zinazojulikana, kukagua mafaili uliyopakua na kukuonya kuhusu linki mbaya. Haiwezi kuingia chumba cha programu nyingine kuona inafanya nini humo ndani. Na ikikuta programu mbaya, kwa kawaida inakuomba wewe uiondoe.

Kwenye iPhone hata hayo haiwezi. Apple hairuhusu programu moja kukagua nyingine, na mwaka 2015 iliondoa App Store baadhi ya programu zilizojiita antivirusi. Zinazouzwa leo kwa iPhone chini ya majina ya kampuni za antivirusi huwa zinatoa huduma nyingine: VPN, kuzuia tovuti za kitapeli, kutunza nywila. Huenda zikakufaa, ila usidanganyike kwamba zinasaka virusi ndani ya simu.

Vipi kuhusu Pegasus, ile programu ya ujasusi iliyoingia kwenye iPhone za waandishi wa habari na wanaharakati bila wao kubofya chochote? Ipo kweli, na ni hatari. Lakini ni silaha ya bei mbaya inayouzwa kwa serikali na inayolenga watu maalumu, na antivirusi ya kawaida haiioni. Mwaka 2022 Apple ilileta hali maalumu ya kufungia simu, Lockdown Mode, kwa ajili ya watu hao. Mtu wa kawaida hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili ya Pegasus.

Askari aliyepo tayari

Karibu kila simu ya Android yenye Play Store inakuja na Play Protect, ambayo Google iliizindua mwaka 2017. Ni antivirusi, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Inakagua programu kabla hujaisakinisha na inaendelea kuzikagua zilizomo, hata zile ulizoleta kutoka nje ya Play Store. Na kwa sababu ni sehemu ya huduma za Google zilizomo ndani ya simu, ina nguvu ambazo mpangaji wa kawaida hana: inaweza kuizima programu mbaya bila kukusubiri wewe.

Kuiangalia ni rahisi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, chagua Play Protect. Kama imezimwa, iwashe. Kuna watu waliizima baada ya kuambiwa na fundi au rafiki "zima hiyo inasumbua" ili wasakinishe programu fulani ya kutazama mpira bure. Hapo ni sawa na kumpa askari likizo siku mgeni asiyejulikana anapohamia.

Je, Play Protect inatosha? Hapana, haiko kamili. Katika majaribio ya maabara ya AV-TEST ya Ujerumani mwaka 2021, Play Protect ilishika mkia ikilinganishwa na antivirusi za kampuni kubwa. Na Play Store yenyewe imewahi kupitisha nyoka. Januari 2020 Google ilisema kwamba tangu 2017 ilikuwa imeondoa programu 1,700 za familia moja tu ya programu hasidi, inayofahamika zaidi kwa jina la Joker. Kazi ya Joker ilikuwa kumuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua. Salio linakatwa kidogo kidogo, na mwenye simu analaumu mtandao kwamba unakula vocha.

Kwa hiyo wanaosema antivirusi nzuri inaongeza kitu hawasemi uongo. Shida ni neno "nzuri".

Antivirusi zisizofanya kitu

Aprili 2014, programu moja ya kulipia ilipanda hadi kileleni Play Store. Iliitwa Virus Shield, bei dola 3.99, na ilikuwa imenunuliwa zaidi ya mara 10,000. Ilisifiwa kwamba haili betri na haina matangazo. Waandishi wa tovuti ya Android Police wakaifungua na kuangalia ndani. Walichokuta: ukigusa kitufe, alama ya X inageuka kuwa alama ya tiki. Basi. Hakuna kingine ilichokuwa inafanya. Kweli haikula betri, ingelaje?

Google iliiondoa na kuwarudishia watu fedha zao. Lakini biashara ya kuuza tiki haikufa.

Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilichukua antivirusi 250 za Android kutoka Play Store na kuzijaribu kwa programu hasidi 2,000 zilizokuwa zinafahamika wazi. Mtihani ulikuwa rahisi, si wa kutega. Programu 80 tu ndizo zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kutoa kengele za uongo. Yaani zaidi ya theluthi mbili zilifeli.

Namna zilivyofeli inachekesha na kusikitisha. Baadhi hazikuwa na injini yoyote ya kukagua. Zilikuwa na orodha ya majina yanayoruhusiwa, na programu yoyote isiyo kwenye orodha iliitwa hatari. Mtu akiipa programu yake hasidi jina linalofanana na la kampuni kubwa, inapita. Na watengenezaji wengine walisahau kujiandika wenyewe kwenye orodha, kwa hiyo antivirusi ilijitangaza yenyewe kuwa ni kirusi.

Upande wa pili wa majaribio hayohayo, programu 23 zilikamata zote 2,000. Nyingi ni za kampuni zilezile zinazojulikana kwenye kompyuta. Tofauti kati ya antivirusi na antivirusi ni kubwa kuliko tofauti kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo.

Halafu kuna zile ambazo zenyewe ndizo mwizi. Mwaka 2022 watafiti waligundua programu hasidi iitwayo SharkBot ndani ya Play Store, imevaa vazi la antivirusi. Lengo lake lilikuwa akaunti za benki. Mtu aliyeipakua alikuwa ni mtu mwoga, anayejali usalama, na ndiye hasa aliyelengwa.

Hata jina kubwa si dhamana ya kila kitu. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni tanzu yake ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Antivirusi huomba ruhusa nyingi ili ifanye kazi. Ukiipa, umeipa.

Pesa zinaibwa vipi hasa?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, simu ndiyo pochi. Akiba, ada ya mtoto, hela ya kikoba, mtaji wa genge, vyote vimo humo. Ndiyo maana swali la antivirusi si la wapenda teknolojia peke yao.

Anza na wizi unaojulikana na kila Mtanzania: meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hakuna kirusi hapo. Mtapeli anatuma meseji kwa mamia ya watu, akijua miongoni mwao yupo aliyekuwa anasubiri kutuma pesa dakika hiyohiyo. Kisha kuna anayepiga akijifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba utaje namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Kuna anayesema amekosea kutuma, anaomba urudishe, na meseji ya "umepokea" imetoka kwenye namba ya kawaida. Kuna laini kubadilishwa na mtu mwingine kwa jina lako. Zote hizi, hata ukiwa na antivirusi tano, zinapita. Mlango wanaoupita ni sikio na huruma.

Kundi la pili ndilo linalohusu programu, na hapo mambo yanazidi kuwa mabaya.

Kuanzia katikati ya 2024, watu wa Malaysia na Brunei walianza kutumiwa mwaliko wa harusi kwa WhatsApp na Telegram. Ili kuona kadi, unasakinisha faili la APK. Ukilisakinisha, linasoma meseji zako na arifa zako na kumtumia mwizi. Kwa tarakimu za uthibitisho alizozipata humo, mwizi anaingia kwenye akaunti yako ya WhatsApp au Telegram, anawaandikia ndugu na marafiki zako wakutumie pesa haraka. Kampuni ya Kaspersky ilieleza mbinu hiyo Januari 2025 na kuipa jina la Tria Stealer.

Sasa fikiria Afrika Mashariki, ambako kadi za harusi na za michango zinatumwa WhatsApp kila wiki, na ambako mtu akiona kadi kutoka kwa shangazi hajiulizi mara mbili. Kadi ya kweli huja kama picha, video au PDF. Kadi haiwezi kuwa na haja ya kusakinishwa. Faili likiishia na herufi .apk, hilo ni programu, hata kama limeandikwa "Harusi ya Neema na Baraka".

Kwa nini ruhusa ya meseji ni hatari hivyo? Kwa sababu benki na mitandao mingi bado hutuma tarakimu za uthibitisho kwa meseji. Anayesoma meseji zako anaweza kuwa wewe. Lakini ipo ruhusa mbaya kuliko hiyo, inaitwa Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa mfano wasioona, ili programu iwasomee kilichopo kwenye skrini na kuwabonyezea vitufe. Kitu kizuri kabisa. Programu hasidi ikiipata, nayo inasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako: inaona namba ya siri ukiiandika, inafungua programu ya benki, inakubali ruhusa nyingine peke yake. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, simu inaweka kizuizi kwa programu nyingi zilizotoka nje ya duka kupata ruhusa hii. Ndiyo maana matapeli siku hizi wanatuma hadi maelekezo ya picha ya jinsi ya kukiondoa kizuizi.

Programu ya tochi, ya mkopo au ya kutazama mechi ikiomba Ufikivu, iondoe. Hakuna maelezo yatakayoihalalisha.

Hapa pia wamo watumiaji wa WhatsApp zilizochezewa, zile za rangi tofauti na zinazokuonyesha meseji iliyofutwa. Agosti 2021 Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba programu hasidi ya Triada, ambayo inaweza kushusha programu nyingine na kumuunganisha mtu na huduma za kulipia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya YoWhatsApp, iliyokutwa ikiiba funguo za akaunti. Matoleo haya hayapo Play Store. Unayapata kwenye tovuti au kwa rafiki. Hata kama toleo ulilonalo leo ni safi, hujui la kesho litakuja na nini.

Na kuna kundi la tatu, ambalo antivirusi inalitazama na kulinyamazia: programu ya kawaida inayotumia vibaya ruhusa uliyoipa. Programu za mikopo ya papo hapo ndizo mfano wa wazi. Zilichukua orodha ya namba zako, na ukichelewa kulipa bosi wako, mkweo na mchungaji wako wakapigiwa simu. Google ilizikataza programu za mikopo kugusa namba na picha za watumiaji kuanzia 31 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijiti bila leseni. Kwa antivirusi, programu kama hiyo huenda isionekane kuwa na kosa. Uliiruhusu mwenyewe.

Simu iliyokuja na ugonjwa dukani

Kuna hali moja inayovuruga ushauri wote wa "kuwa makini na unachopakua". Mwaka 2020, kampuni ya Upstream kupitia huduma yake ya Secure-D, pamoja na BuzzFeed News, walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na Triada na xHelper zikiwa zimo ndani tangu dukani. Tangu Machi 2019 Secure-D ilikuwa imezuia miamala 19.2 ya kutilia shaka kwa kipimo cha milioni, kutoka simu zaidi ya 200,000. Mtengenezaji, Transsion, alisema marekebisho yalikwishatolewa na kwamba hakunufaika na wizi huo.

Walioumia walikuwa watu wa kipato cha chini walionunua simu ya bei nafuu. Hawakubofya chochote. Na antivirusi isingewafaa sana: kilichomo ndani ya mfumo hakiondolewi na mpangaji. xHelper ilifahamika kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa yote na kuanza upya.

Unachoweza kufanya dukani, kabla hujatoa pesa, ni hiki. Fungua Play Store ya simu unayotaka kununua, nenda Mipangilio, kisha Kuhusu, tazama kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Simu feki zenye jina la Samsung na bei ya maharage huanguka mara nyingi hapo. Na ukiwa na simu ambayo bando linaisha usiku ukiwa umelala, au salio linakatwa kwa huduma usizozijua, usianze kwa kuongeza programu nyingine. Anza kwa kuuliza mtandao wako umeunganishwa na huduma gani.

Simu ya zamani

Hoja ya kwamba simu ya zamani ndiyo inahitaji antivirusi zaidi inasikika vizuri, lakini ni nusu ya ukweli.

Mwaka 2015 liligunduliwa pengo kwenye Android lililoitwa Stagefright. Meseji moja ya MMS yenye video iliyotengenezwa kwa ujanja ingetosha kumpa mshambuliaji njia ya kuingia. Simu karibu milioni 950 zilikuwa wazi. Tangu hapo Google ikaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Masasisho hayo ndiyo yanayoziba mapengo. Antivirusi haizibi pengo la mfumo, kama vile kuajiri mlinzi hakutengenezi ukuta uliobomoka.

Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miezi michache iliyopita, vizuri. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma na simu inasema hakuna sasisho jipya, hiyo simu itumie kwa muziki na picha, na programu ya benki ihamishie kwingine kama una uwezo. Kama huna, basi punguza: usisakinishe kitu kipya, tumia huduma ya pesa kwa kupiga namba ya menyu badala ya programu, weka kiasi kidogo.

Nani aweke, na aweke ipi?

Mwenye duka anayewaachia wanawe simu ya biashara wacheze. Mzee ambaye hubofya kila linki ya kundi la ukoo. Mtu ambaye kazi yake inamlazimu kupokea mafaili ya APK. Hao antivirusi nzuri ya Android inaweza kuwasaidia, hasa kwa kuzuia linki za kitapeli na kukagua faili kabla halijasakinishwa. Achague jina ambalo maabara kama AV-TEST au AV-Comparatives hulijaribu mara kwa mara, alipakue Play Store, na aweke moja tu. Mbili kwa pamoja zinagombania betri.

Programu za kusafisha, kupoza simu na kuongeza kasi ni biashara nyingine kabisa. Android inajua kupanga kumbukumbu yake yenyewe. Ile namba ya "umesafisha" unayooneshwa kila baada ya saa moja ipo ili uone tangazo, na bando linalolipia tangazo hilo ni lako.

Ukishasakinisha kitu kibaya

Kwanza zima data na Wi-Fi, ili kinachoendelea kutumwa kisimame. Kwa kutumia simu nyingine, piga benki yako na mtandao wako wa simu uombe wazuie miamala, kisha badilisha namba za siri na nywila. Usibadilishe kwenye simu hiyohiyo; kama kuna programu inayosoma skrini, utakuwa umempa mwizi namba mpya.

Baada ya hapo rudi kwenye simu. Iwashe katika hali salama, ambayo inazima programu zote ulizozisakinisha wewe. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuwasha, halafu unabonyeza kwa muda mrefu neno la kuzima. Fungua Mipangilio uangalie sehemu ya Ufikivu na ya wasimamizi wa kifaa, ondoa jina usilolijua, kisha futa programu yenyewe. Ikigoma kufutika, hifadhi picha na namba zako pembeni, urudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Usirudishe mafaili ya APK uliyokuwa nayo.

WhatsApp ikiwa imeshachukuliwa, isakinishe upya na uithibitishe kwa namba yako. Anayeitumia kwingine atatolewa. Weka uthibitishaji wa hatua mbili palepale, na uwajulishe watu wa kwenye makundi yako kabla hawajatuma hela.

Meseji ya kitapeli Tanzania inatumwa kwenda 15040, pamoja na namba iliyoituma. Kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya ni 333. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako Tanzania, piga *106#, na ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafungwe.